Gramu za Nini?

Fundi anayepaua nyumba anajua atahitaji misumari mia sita. Akifika dukani hakuna wa kumhesabia mmoja mmoja. Muuzaji anaimimina kwenye mizani, anataja kilo, anafunga, biashara imekwisha. Fundi haoni ajabu yoyote. Tuseme msumari mmoja wa aina ile una gramu kumi: mia sita ni kilo sita. Ameagiza kwa idadi, amepewa kwa uzito, na hapo katikati amefanya, bila kalamu wala karatasi, hesabu ileile inayowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tatu mwalimu wa kemia anapoandika ubaoni neno moli.

Kuhesabu kwa kupima: hilo ndilo jambo lote. Atomi hazihesabiki kwa vidole, basi zinapimwa, na uzito unageuzwa kuwa idadi. Wauza miti wa pwani nao wana chombo kinachofanana na moli kuliko kitu kingine chochote nikijuacho. Boriti za mikoko, zile zilizokuwa zikisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, zilihesabiwa kwa korija, na korija ni ishirini. Korija ya boriti ni miti ishirini, na korija ya fito ni miti ishirini, lakini hakuna mpagazi atakayekubali ujira mmoja kwa kuzibeba. Idadi ni ileile, uzito mbalimbali.

Moli ni korija ya mkemia. Badala ya ishirini, ni 6.02214076 × 10²³, namba iliyoanza kutumika rasmi hivyo tarehe 20 Mei 2019. Kabla ya hapo moli ilielezwa kwa idadi ya atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12, na vitabu vingi vya shule bado vinasema hivyo, wala si kosa la kumkosesha mtu usingizi. Moli moja ya maji ni gramu 18, yaani kijiko cha chakula kilichozidi kidogo. Moli moja ya chumvi ya mezani ni gramu 58.5. Katika kila moja ya mafungu hayo idadi ya vipande ni sawasawa, kama boriti na fito.

Mtu akishika hilo, kugawanya na kuzidisha kunakofuata ni kazi ya darasa la sita. Kwa nini basi hesabu hizi zinaangusha wengi hivi, wakiwemo wanaofanya vizuri katika hisabati? Nimepitia madaftari mengi ya hesabu za moli, na ninachokiona mara kwa mara si kosa la kugawanya. Ni namba iliyopoteza mwenyewe. Mwanafunzi anaandika 25, halafu 44, halafu anagawa, na ukimuuliza hiyo 25 ni ya nini anakuambia ni gramu. Gramu za nini? Hapo ananyamaza.

Tuchukue swali lenyewe. Gramu 25 za kalisiamu kabonati, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mawe ya matumbawe, zinachomwa mpaka ziishe kubadilika. Zitatoa gramu ngapi za hewa ya ukaa? Mlingano ni huu:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Daftari la kwanza linagawa 25 kwa 44, kwa sababu 44 ndio uzito wa moli moja ya hewa ya ukaa, na swali limeuliza hewa ya ukaa. Linapata 0.57 na kupiga mstari wa chini mara mbili. Angalia kilichofanyika: gramu za jiwe zimegawanywa kwa uzito wa gesi. Ni sawa na fundi wetu kugawa kilo za misumari kwa uzito wa nyundo. Jibu linatoka, kwa maana kikokotoo hakimkatalii mtu, lakini ni jibu la swali ambalo halipo duniani.

Daftari la pili linakwenda polepole. Kalisiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16 ni 48, jumla 100. Kwa hiyo moli moja ya jiwe hili ni gramu 100, na gramu 25 za jiwe ni moli 0.25 za jiwe. Mlingano unasema kila kipande kimoja cha kabonati kinatoa molekuli moja ya hewa ya ukaa, hivyo moli 0.25 za jiwe zinatoa moli 0.25 za gesi. Sasa, na ni sasa tu, 44 ina kazi: moli 0.25 za gesi, kila moja gramu 44, ni gramu 11 za gesi. Zinazobaki tanurini ni gramu 14 za CaO, na 11 na 14 ni 25. Hakuna kilichopotea.

(Wanafizikia watanisuta kwa kusema uzito mahali pa tungamo. Wana haki yao. Muuza misumari naye anasema uzito, na leo niko upande wake.)

Safari ni ya vituo vinne: gramu za kitu cha kwanza, moli za kitu cha kwanza, moli za kitu cha pili, kisha unashuka tena kwenye gramu, safari hii za kitu cha pili. Daraja la kuvuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine liko mahali pamoja tu, baina ya moli na moli. Gramu kwa gramu hakuna daraja. Anayejaribu kuvukia hapo anatumbukia majini.

Shule nyingi hufundisha safari hii kwa pembetatu: m juu, n na M chini, funika unachokitafuta. Siichukii pembetatu. Inasaidia kukumbuka, na siku ya mtihani kukumbuka ni nusu ya vita. Lakini pembetatu ni kipofu. Inapokea 25 na 44 kwa moyo mkunjufu uleule inaopokea 25 na 100, kwa sababu herufi m haisemi ni ya jiwe au ya gesi. Na herufi zenyewe ni mtego: m ndogo ni tungamo, M kubwa leo ni tungamo ya moli moja na wiki ijayo, kwenye mada ya miyeyusho, ni ukolezi. Mwanafunzi aliyekariri herufi badala ya maana atafika kwenye miyeyusho akitafuta kugawa gramu kwa ukolezi.

Kuna mtego mwingine ambao ni mkongwe zaidi, na unastahili heshima kwa sababu uliwanasa watu wakubwa. Moli moja ya oksijeni ni gramu ngapi? Darasa litagawanyika: wapo watakaosema 16, wapo watakaosema 32. Wote wako sawa, au wote wamekosea, kwa kuwa swali lenyewe halikukamilika. Oksijeni zipi? Atomi moja moja, au molekuli za O₂ tunazovuta puani?

John Dalton, Mwingereza aliyerudisha wazo la atomi katika sayansi mwanzoni mwa karne ya 19, hakuwa na njia ya kujua maji yana atomi ngapi za kila kitu. Akachagua lililo jepesi, moja kwa moja, yaani HO. Kwa sababu hiyo uzito wa oksijeni katika majedwali yake ukawa saba, tena nane baada ya vipimo kuboreshwa, pale ambapo sisi tunaandika 16. Mwaka 1808 Gay-Lussac wa Ufaransa akatangaza kwamba gesi huungana kwa ujazo wenye uwiano mwepesi: ujazo mbili za haidrojeni na mmoja wa oksijeni hutoa ujazo mbili za mvuke wa maji. Ukidhani oksijeni ni atomi moja moja, hilo haliwezekani, maana kipande kimoja kingepaswa kupasuka ili kitosheleze viwili. Amedeo Avogadro, Mwitaliano, alijibu mwaka 1811: ujazo sawa wa gesi, katika joto na kanieneo sawa, una idadi sawa ya molekuli, na molekuli ya oksijeni ni pacha inayogawanyika. Jibu lilikuwa sahihi na halikusikilizwa. Kwa karibu miaka hamsini wakemia wa Ulaya waliandika fomula tofauti kwa kitu kimoja, kila mtu na jedwali lake, hadi mkutano wa Karlsruhe wa Septemba 1860, ambapo kijitabu cha Stanislao Cannizzaro, kilichotolewa miaka miwili kabla, kiligawiwa kwa wajumbe na kuwaonyesha jinsi wazo la Avogadro linavyonyoosha uzito wa atomi. Dmitri Mendeleev alikuwepo pale, kijana bado, na jedwali lake la elementi la 1869 lisingesimama bila uzito ulionyooka.

Nusu karne, basi, kwa kutotofautisha atomi na molekuli. Mwanafunzi anayeandika 16 mahali pa 32 si mjinga. Amerudi 1811 na anahitaji mtu wa kumvusha.

Mahali pengine pa kuteleza ni kusawazisha mlingano, na hapa makosa ni ya kuamini kwamba namba za mbele ni mapambo. Hizo namba ndizo uwiano wa vipande. Kigoda cha miguu mitatu kinahitaji kibao kimoja na miguu mitatu. Ukiwa na vibao kumi na miguu ishirini na nne utaunda vigoda vinane, vibao viwili vitabaki, na hakuna atakayebishana nawe kwamba vibao vilikuwa vichache kwa hiyo ndivyo vilivyokwisha. Sasa vaa akili hiyohiyo mbele ya amonia:

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Tumepewa gramu 56 za nitrojeni na gramu 10 za haidrojeni. Kipi kinakwisha kwanza? Anayetazama gramu atasema haidrojeni, kwa kuwa ni kidogo. Anayejiona mjanja atageuza kwanza kuwa moli: nitrojeni 56 kwa 28 ni moli 2, haidrojeni 10 kwa 2 ni moli 5, kisha atasema nitrojeni, kwa kuwa mbili ni ndogo kuliko tano. Huyu wa pili amefanya kazi zaidi na amekosa, wa kwanza amepatia kwa bahati, na mwalimu anayesahihisha kwa kutazama mstari wa mwisho tu atampa alama asiyestahili. Nitrojeni moli 2 ni vibao viwili. Vinataka miguu sita, yaani moli 6 za haidrojeni. Ziko 5. Haidrojeni ndiyo inayokwisha.

Kutoka hapo, kila moli 3 za haidrojeni zinatoa moli 2 za amonia, hivyo moli 5 zinatoa 10/3. Nasisitiza iachwe 10/3. Mwenye haraka ataandika 3.3, kisha atazidisha kwa 17 apate 56.1, wakati jibu ni gramu 56.7. Kukata desimali katikati ya njia ni kama kupunja mizani kwenye kila duka unalopitia: mwisho wa siku hujui kilo imekwendea wapi. Nitrojeni iliyotumika ni moli 5/3, karibu gramu 46.7, imebaki 9.3. Jumlisha: amonia 56.7 na nitrojeni iliyobaki 9.3 ni 66, na tulianza na 56 na 10. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika na sioni ukifanywa. Mkemia Lavoisier aliupima ulimwengu wake wote kwa mizani katika karne ya 18 ili tuwe nao, nasi tunauacha chini ya meza.

Katika miyeyusho, kanuni inayokaririwa ni ile ya ukolezi mara ujazo wa asidi, kwa ukolezi mara ujazo wa besi. Fungua maabara ya shule yoyote siku ya titresheni utaisikia ikinong'onwa kama dua. Ni kanuni nzuri yenye namba mbili ndogo mwishoni ambazo hakuna anayezitazama. Pipeti imetoa sentimita za ujazo 25 za kostiki ya moli 0.1 kwa lita, bureti imemwaga sentimita za ujazo 20 za asidi ya salfuriki hadi rangi ikageuka. Ukolezi wa asidi? Anayesahau uwiano anapata 0.125. Anayehesabu vipande anasema: lita 0.025 mara 0.1 ni moli 0.0025 za kostiki; mlingano unataka kostiki mbili kwa asidi moja, kwa hiyo asidi ni moli 0.00125, zilikuwa ndani ya lita 0.020, ukolezi ni moli 0.0625 kwa lita. Nusu kamili ya jibu la kwanza. Ukikosa kwa nusu kamili, au mara mbili kamili, usihangaike na kikokotoo. Rudi kwenye mlingano.

Gesi nitazipita haraka, kwa kuwa tatizo lake ni moja: lita 22.4 kwa moli ni za nyuzi sifuri za Selsiasi na kanieneo ya atmosfia moja, na lita 24 ni za joto la kawaida la chumbani. Swali litasema lipi linatumika, ila lazima lisomwe hadi mwisho. Na namba hizo ni za gesi tu. Nimeona maji ya kimiminika yakigawanywa kwa 22.4, maskini, kana kwamba kijiko cha maji kingejaza ndoo.

Afadhali nikae kidogo kwenye mrututu, yale mawe ya bluu yanayojulikana na wakulima kwa kupambana na ukungu wa mimea. Fomula yake huandikwa CuSO₄·5H₂O, na ile nukta katikati imewaponza wengi. Aliyetoka kwenye somo la hisabati anaiona ni alama ya kuzidisha, basi anazidisha: 159.5 mara 90, anapata namba ya elfu kumi na nne na ushei, na bado anaendelea na hesabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nukta hapa ni ya kufungasha: shaba 63.5, salfa 32, oksijeni nne 64, na pamoja nazo molekuli tano za maji, 90. Jumla 249.5. Zaidi ya theluthi ya uzito wa jiwe hilo kavu, asilimia 36, ni maji. Uchome taratibu kwenye chombo cha kauri utageuka mweupe. Udondoshee maji, bluu inarudi. Mwanafunzi aliyeona hilo kwa macho hazidishi tena nukta.

Nimefika kwenye lugha, na hapa nina ugomvi. Katika Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza. Kufikia kidato cha tatu swali la moli linakuja kwake likiwa limevaa nguo mbili: kemia, na lugha ambayo bado anaipapasa. Maneno kama lile la kusema kitu kimewekwa kwa ziada hupitwa tu, ingawa ndilo linalomwambia asihangaike na kitu hicho. Wengi wanaosemekana hawajui kemia hawakulisoma swali. Istilahi za Kiswahili zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hata bila istilahi, sarufi yetu ina kifaa kimoja kidogo ambacho kingeokoa alama nyingi: za. Kiswahili hakikubali uliache neno hilo likining'inia. Ukisema "gramu 25 za", msikilizaji anakungoja umalize. Herufi n haimngoji mtu. Mwanafunzi anayejibu kwa Kiingereza, kama mtihani unavyomtaka, anaweza bado kunong'ona kwa Kiswahili pembeni mwa karatasi: moli 0.25 za jiwe, moli 0.25 za gesi, gramu 11 za gesi.

Turudi tanurini, safari hii na mzigo wa kweli zaidi. Mchoma chokaa ana kilo 1,000 za mawe ya matumbawe, na tuseme asilimia 90 ndiyo kalisiamu kabonati, iliyobaki ni mchanga na takataka zisizobadilika kwa moto. Kabonati ni kilo 900, gramu 900,000, moli 9,000. Zikiungua zote, hewa ya ukaa itakayoruka ni moli 9,000 za gramu 44, kilo 396. CaO itakayobaki ni moli 9,000 za gramu 56, kilo 504. Ukiongeza kilo 100 za takataka, tanuri lililopoa linapaswa kuwa na kilo 604.

Anapima, mizani inasema kilo 670. Amepata zaidi ya alichotarajia? Kilo za nini? Zilizopungua ni 330, nazo ni hewa ya ukaa, sawa na moli 7,500. Basi moli 7,500 tu za jiwe ndizo zilizoungua, na chokaa halisi ni kilo 420, asilimia 83 ya zile 504. Moli 1,500 zilizobaki ni kilo 150 za mawe ambayo moto haukuyafika, pengine yale makubwa ya katikati. Na 420, na 150, na 100 ni 670. Sampuli ya chokaa hiyo, ikishamwagiwa maji na kupoa kabisa, ikitiwa siki ya kutosha kuishinda chokaa yote, itatoa povu palipo na punje za jiwe bichi.